Maneno ya Simeoni, Jina la Ana: Kuhifadhi Ushuhuda wa Familia Wakati wa Krismasi

Luka anapoeleza siku mtoto Yesu alipopelekwa hekaluni, anatuonyesha wazee wawili. Maneno ya Simeoni tunayo neno kwa neno, na mpaka leo yanaimbwa makanisani, lakini baba yake alikuwa nani na ametoka kabila gani hatuambiwi. Kwa Ana mambo yamegeuka. Tunajua ni binti Fanueli, wa kabila la Asheri, kwamba alikaa na mumewe miaka 7 akafiwa, na Luka anataja hata miaka 84. Alichowaambia watu kuhusu mtoto yule, hakuna hata sentensi moja iliyotufikia.

Familia nyingi zina Simeoni wao na Ana wao. Kuna babu ambaye usemi wake mmoja unarudiwa na wajukuu wote, ila hakuna ajuaye aliusema lini na baada ya kupitia nini. Kuna bibi ambaye cheti cha ubatizo kipo, tarehe ya ndoa ipo, picha ipo, lakini kilichomfanya ashikamane na Kristo miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Kuhifadhi ushuhuda ni kuvikutanisha hivi viwili, maneno ya mtu mwenyewe na mazingira yaliyoyazaa, kabla msimulizi hajaondoka. Luka mwenyewe anaanza injili yake kwa kusema kwamba alijitafutia habari kwa usahihi na kuziandika kwa taratibu, kutokana na yale yaliyopokewa kwa walioyaona kwa macho. Hatuna kielelezo kingine bora kuliko hicho.

Krismasi ni wakati mzuri kwa sababu watu wamekusanyika na jambo lenyewe liko midomoni. Ni wakati mbaya pia, kwa kuwa siku ya sikukuu nyumba ina kelele, wageni wanaingia na kutoka, na mzee akifika jioni amechoka. Usijaribu kurekodi ushuhuda mrefu tarehe 25. Siku hiyo iachie mambo mafupi: wimbo, sala, au kila mtu kusimulia kwa dakika tatu nne huku ameshika kitu kimoja cha imani, labda Biblia ya zamani au picha ya kipaimara. Mazungumzo marefu yapangie tarehe 26 au siku mbili tatu kabla ya sikukuu, asubuhi, watu wawili tu chumbani au watatu wakizidi. Mwarifu msimulizi siku kadhaa mapema, umwachie na maswali mawili matatu ayatafakari. Mtu aliyeshtukizwa hutoa ushuhuda aliouzoea kuutoa kanisani, na huo karibu kila mtu ameshausikia.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Waumini wa muda mrefu wana lugha ya ushuhuda iliyokwisha kunyooka: nilikuwa nimepotea dhambini, Bwana akaniokoa, namshukuru Mungu kwa yote. Maneno hayo ni ya kweli na tusiyadharau. Lakini mjukuu atakayeyasikia miaka 40 ijayo hataweza kumtofautisha bibi yake na muumini mwingine yeyote. Kinachomrudisha mtu kwenye tukio lenyewe ni swali dogo la mahali, mwili au sauti. Chukua mfano huu:

– Bibi, ulimpokeaje Yesu?

– Nilikuwa kijana, mjukuu wangu, nikaokoka, Bwana akaniweka huru.

– Siku hiyo ulikuwa umekaa wapi mle ndani?

– Nyuma kabisa, mlangoni. Nilikuwa nimempakata mama yako, nikasema akilia nitoke naye. Hakulia. Ningetoka, labda nisingerudi.

Swali la kwanza limeleta tamko. La pili limemleta bibi mwenyewe, na sasa mama wa huyo anayeuliza naye yumo ndani ya habari. Maswali ya namna hii hayahitaji ufundi, yanahitaji kuandaliwa. Nani alikutajia jina la Yesu mara ya kwanza, na mlikuwa mnafanya nini? Nani alikufundisha kusali, na maneno ya sala hiyo yalikuwaje? Wimbo gani unaujua bila kitabu? (Akiutaja, mwombe auimbe. Usiridhike na jina la wimbo.) Biblia hii uliipata kwa nani? Krismasi ipi ilikuwa nzito kwako, na uliadhimishaje kuzaliwa kwa Bwana mwaka huo? Kuna wakati uliacha kusali? Nini kilikurudisha? Ni ombi gani hukujibiwa kama ulivyotaka? Na mwishoni kabisa, baada ya hayo yote: leo, Kristo ni nani kwako?

Swali la ombi lisilojibiwa watu huliogopa, wakidhani litadhoofisha ushuhuda. Ndilo linaloupa uzito. Kijana anayepita kwenye kimya cha Mungu atasaidiwa zaidi na babu aliyesema "niliomba miaka mingi, mtoto akafa, na bado niko hapa" kuliko na mlolongo wa ushindi mtupu. Ukishauliza, nyamaza. Mzee akikaa kimya, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema lolote. Mara nyingi jambo la maana huja baada ya kimya hicho, na anayekimbilia kuokoa mazungumzo kwa swali jingine hulifukuza. Akianza kulia, mwache alie, kisha muulize kama angependa kuendelea au kupumzika.

Wapo pia wasemao hawana ushuhuda. Wamezaliwa katika nyumba ya waumini, wamebatizwa wachanga, hawakuwahi kulewa wala kukimbia nyumbani, na kwao ushuhuda ni lazima uwe na shimo ambalo mtu aliokolewa ndani yake. Hao wasiachwe. Paulo anapomwandikia Timotheo juu ya imani yake, anataja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na katika mama yake Eunike, bila tukio lolote la kutisha. Kwa mtu wa aina hii uliza juu ya mazoea: nani alikuwa anawaamsha kusali, mlisali kwa lugha gani, nini kilifanyika nyumbani mtu alipokosa, ni lini alitambua kwamba imani imekuwa yake na si ya wazazi tu. Na ikiwa katika familia yumo aliyeacha kanisa au asiyeamini, asigeuziwe maswali haya kuwa mtego wa sikukuu. Akipenda kusimulia alichokiona kwa wazazi wake, mrekodi kwa heshima ileile.

Simu inatosha, ikiandaliwa

Huhitaji kununua kinasa sauti. Kinachoharibu rekodi nyingi za nyumbani ni chumba. Kuta tupu na sakafu ngumu hurudisha mwangwi, na feni, friji na televisheni ya chumba cha pili husikika kwenye rekodi kuliko unavyozisikia kwa masikio. Chagua chumba chenye pazia, kitanda au makochi, kwa sababu vitambaa hufyonza mwangwi. Zima feni. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwani ikilala moja kwa moja juu ya meza kila kidole kitakachogonga ubao kitasikika kama ngoma. Iwe karibu sentimeta 30 kutoka mdomoni mwa msimulizi, maikrofoni imwelekee yeye na si wewe. Usiishike mkononi.

Kabla ya kuanza, weka simu katika hali ya ndege, maana simu ikiita katikati, baadhi ya programu za kurekodi husimamisha rekodi bila kukwambia. Hakikisha chaji inazidi nusu na nafasi ipo. Faili la WAV (sauti isiyobanwa) la mkondo mmoja, kwa hezi 44,100 na biti 16, hula takriban megabaiti 320 kwa saa. M4A (sauti iliyobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti 58. WAV ni bora kwa hifadhi, lakini M4A iliyorekodiwa vizuri inashinda WAV yenye feni ndani yake. Rekodi sekunde 30 za majaribio, uzisikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Kama kuna simu ya pili, nayo irekodi upande mwingine wa meza.

Maneno ya kwanza kwenye rekodi yawe utambulisho: tarehe kamili, mahali, jina la msimulizi na majina ya wazazi wake, jina la anayeuliza na uhusiano wao, na waliomo chumbani. Bila hayo, sauti hiyo baada ya miaka 30 ni ya mzee fulani anayezungumza na mtu fulani. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, dakika 40 hadi 60 zinatosha kwa kikao kimoja. Vikao viwili vifupi vina faida kuliko kimoja kirefu, kwa sababu usiku kati yake kumbukumbu huendelea kufanya kazi, na kesho yake ataanza kwa kusema "jana nilisahau kukwambia."

Video je? Ina thamani kwa mikono, uso na namna ya kucheka, lakini baadhi ya wazee hubadilika wakiona kamera na kuanza kuhubiri. Rekodi sauti kwanza, kisha uchukue dakika tano za video akisoma mstari aupendao au akiimba.

Kusema kweli juu ya muujiza

Mathayo hakuandika popote kwamba mamajusi walikuwa watatu. Alitaja zawadi tatu, na anasema waliingia nyumbani wakamwona mtoto pamoja na Mariamu mama yake. Idadi ya watatu, na picha ya wao kusimama zizini bega kwa bega na wachungaji, ni nyongeza zilizoingia baadaye. Kama simulizi inayopendwa namna hii imeongezewa vitu, ushuhuda wa babu aliyeponywa nao utaongezewa, na wanaoongeza ni watu wanaompenda.

Kwa hiyo andika alichoona aliyekuwepo, na pembeni uandike nani alikuwepo na nani amesimuliwa. Katika ushuhuda wa uponyaji, usiondoe hospitali, dawa na upasuaji ili muujiza uonekane mkubwa. Kama mgonjwa alitibiwa na akaombewa, andika yote mawili kwa mpangilio yalivyotokea. Msomaji atakayegundua baadaye kwamba kulikuwa na dawa iliyofichwa atatilia shaka ushuhuda wote, pamoja na sehemu zilizokuwa kweli tupu.

Tarehe ni tatizo lingine. Usimkatize mzee kumsahihisha mwaka, mwache amalize kisha uufunge mwaka kwa mambo mengine: mtoto gani alikuwa amezaliwa, wewe ulikuwa darasa la ngapi, mchungaji au padre alikuwa nani. Linganisha na cheti cha ubatizo, kitabu cha usajili cha parokia au usharika, na ukurasa wa mbele wa Biblia ya familia. Usipopata uhakika, andika "kati ya 1966 na 1970" badala ya kubuni mwaka mmoja, na ueleze umekadiria kwa nini.

Ndugu wawili wakisimulia jambo lilelile kwa namna mbili, hifadhi zote mbili, kila moja na jina la mwenyewe. Mathayo anasimulia kuzaliwa kwa Yesu tukimfuata zaidi Yusufu na ndoto zake, na Luka tukimfuata Mariamu na mambo aliyoyaweka moyoni. Kanisa halikuziunganisha kuwa simulizi moja na kuzitupa zile za awali.

Majina ya watu wengine

Ushuhuda wa mtu mmoja karibu daima unagusa dhambi za wengine. Mume aliyekuwa anapiga, shemeji aliyedhulumu, jirani aliyetuhumiwa uchawi, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye hajaambiwa. Rekodi ya namna hii ikirushwa kwenye kundi la familia saa tatu usiku wa Krismasi inaweza kuvunja undugu, na tuhuma ya uchawi inaweza kumletea mtu madhara ya mwili. Tengeneza nakala mbili. Ya kwanza ni kamili, haiguswi, haisambazwi. Ya pili ni ya kushirikisha, na kila ulipokata andika [imeondolewa kwa ombi la msimulizi], ili asiwepo wa kudhani ndivyo ilivyosemwa.

Ruhusa iombwe kwenye rekodi yenyewe, kwa maswali matatu: nani asikilize sasa, nani asikilize baada ya wewe kuondoka, na je, iwekwe mtandaoni au isomwe kanisani? Mtu anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu. Akibadili mawazo kesho yake, neno la mwisho ni lake. Ushuhuda wa watoto usiwekwe mahali pa wazi kabisa.

Kutoka sauti hadi karatasi

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kuiandika, na anayeanza huchukua zaidi. Cheza sekunde tano hadi kumi, andika, rudia. Usinyooshe lugha. Kama amechanganya Kiswahili na lugha ya mama, andika alivyosema na uweke tafsiri kwenye mstari wa chini. Sala na nyimbo hasa zibaki katika lugha yake. Weka alama rahisi: [kimya], [anacheka], [haisikiki 12:40]. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi husaidia, ila hukosea majina ya watu na mahali, na huchanganyikiwa lugha zikichanganywa, kwa hiyo kila mstari upitiwe kwa sikio. Usipopata muda wa kuandika yote, tengeneza angalau faharasa: kila dakika tano, mstari mmoja unaosema anazungumzia nini.

Kutokana na maandishi hayo toa ukurasa mmoja au miwili, maneno 400 hadi 600, kwa nafsi ya kwanza na kwa sentensi zake mwenyewe. Anza na jina, wazazi, mahali na mwaka wa kuzaliwa, ndipo ushuhuda ufuate. Msomee. Atakwambia "hapa sikusema hivyo", na yuko sahihi hata kama rekodi inasema alisema, kwa maana alichotaka kusema ni kingine. Andika sahihisho lake kama sahihisho, lenye tarehe. Kisha atie sahihi kwa mkono. Mwandiko wake nao ni sehemu ya ushuhuda.

Chapisha kwa karatasi isiyo na asidi. Wino wa leza hauyeyuki kwa maji, ilhali wino wa printa nyingi za kunyunyiza wino huchuruzika ukilowa. Usipitishe karatasi hizi kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki, maana joto na gundi yake havirudishwi nyuma.

Biblia na vitabu vya nyimbo vilivyoandikwa pembeni vipigwe picha kabla ya Krismasi kwisha, wakati mwenye mwandiko bado anaweza kueleza kwa nini alipigia mstari Zaburi fulani. Tumia mwanga wa dirisha usio wa jua kali, shika simu sambamba na ukurasa, piga jalada kwanza, ukurasa wa majina, kisha kila ukurasa wenye maandishi. Toa pini na vibanio vya chuma, vinashika kutu. Selotepu usiitumie kabisa, kwani hugeuka njano na kuacha doa lisilotoka. Kwa skana, nyaraka ziwe dpi 300 (nukta kwa kila inchi) na picha ndogo dpi 600. Picha iliyogandana na albamu ya kurasa za gundi usiivute, ipige ilipo. Nyuma ya picha za karatasi andika kwa penseli laini, pembezoni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili.

Kaseti za mahubiri, kwaya au mazishi zina haraka kuliko vyote, maana utepe unachakaa na mashine za kuzichezea zinapungua. Vunja vile vipande viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiicheze: utachafua kichwa cha mashine na kaseti zitakazofuata. Iliyo safi ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja, safisha kichwa cha mashine kwa spiriti ya isopropili, kisha uicheze huku kompyuta ikirekodi tangu mara ya kwanza. Huenda mara ya pili isiwepo.

Nani anashika

Mafaili yapewe majina yanayoanza na mwaka, kwa mfano 2025-12-26_ushuhuda_bibi_sehemu1, ili yajipange yenyewe. Ziwepo nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja ikae nyumba nyingine au mtandaoni. Flashi peke yake si hifadhi, hupotea mfukoni na hufa bila dalili. Kundi la ujumbe nalo si hifadhi: picha zinabanwa ubora, na tarehe ya asili mara nyingi hupotea. Akaunti ya mtandaoni iwe na watu wawili wanaojua namna ya kuingia. Google, kwa mfano, inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2, na mwenye nywila akifariki hesabu hiyo inaanza.

Kila Krismasi fungua kila faili, sikiliza dakika ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Kila baada ya miaka mitano hivi, hamishia kwenye diski mpya. Majilio yana Jumapili nne kabla ya sikukuu. Kila jioni ya Jumapili hizo someni ukurasa mmoja, au chezeni dakika tano za sauti, na mtoto akiuliza swali, swali na jibu virekodiwe vikaongezwe kwenye faili hilohilo. Usimsomee mtoto saa nzima.

Wateuliwe watunzaji wawili wa vizazi viwili tofauti, mmoja akiwa chini ya miaka 30, na majina yao yaandikwe kwenye karatasi ya juu kabisa ndani ya sanduku, pamoja na orodha ya vilivyomo, masharti ya ruhusa ya kila msimulizi, na mahali nakala nyingine mbili zilipo.